Wingu na Bei ya Dagaa

Leo sokoni nimesikia harufu ya dagaa waliopigwa na mvua, nikajikuta tena mtoto kwenye mawe ya Igogo, kando ya ziwa, mama akiwa ameanika mzigo wetu wote. Dagaa wakilowa ni chakula cha kuku tu. Mnunuzi alisimama na ndoo tupu, akilitazama wingu likija kutoka ziwani.

“Elfu tano ndoo, baba.”

“Mimi sina haraka, mama.”

Mama akashusha hadi nne, hadi tatu, mwenyewe, bila kuombwa. Mwisho akasema, “Basi, sema wewe.”

Yule bwana akaendelea kulitazama wingu. Tone la kwanza likaniangukia shavuni. Nikalifuta upesi, asije akaliona.

Akaigeuza ndoo, akajifunika kichwani, akaondoka zake.