Wifi aliyemtetea mama kwenye mgao wa kiinua mgongo cha baba

Wakuu, hamjambo humu? Mimi ni bibi wa watu, sabini nishaipita, kwa hiyo marahaba kwa wote, hata ambao hamjanisalimia. Ninayoandika niliyaona mwenyewe, sijatia chumvi.

Nimesoma uzi wa jamaa anauliza kama mke akiachwa ana haki kwenye mafao ya mume. Vijana mkamrukia kama mwizi. Ngoja niwape ya kwetu Mlingotini, miaka ya sabini mwanzoni.

Baba alikuwa karani wa forodha Pangani. Mama alibaki kijijini, maana bibi mzaa baba alikuwa amepooza na hakutaka kuhama.

Mama akamwogesha, akamlisha, akalima muhogo, akasuka mikeka ya kuuza. Mshahara wa baba ulikaa Pangani na baba.

Alipokaribia kustaafu, akamwandikia mama talaka. Alivyoona yeye, amtunze mpaka eda iishe, ampe na kitoka nyumba cha kumuagia, basi. Kiinua mgongo na pensheni aanzie maisha na bibi harusi mpya.

Nyumba ilikuwa ya baba. Eda ikiisha, mama hana pa kulala.

Mama akaomba kikao. Wazee na shehe wakakaa barazani pamoja na baba, mimi na mama ndani nyuma ya pazia. Mara akaingia shangazi Tatu, mdogo wake baba.

Nikajua tumekwisha. Mawifi wa Pwani mnawajua jamani! Hawa wawili kila harusi walikuwa wakivaliana kanga za vijembe.

Baba akasema kazi kaifanya yeye, ofisini hakuna aliyewahi kumwona mkewe.

Shangazi hata hakukaa.

"Kaka, mimi mkeo simpendi, naye anajua. Lakini mama yetu alipokuwa kitandani, mimi nilikwenda kumgeuza? Sikwenda. Wewe ulikwenda? Miaka yote ile hukuomba hata ruhusa ya kuuguza, kwa kuwa yupo aliyekuwa akikuuguzia. Hayo malipo ya utumishi wako, nusu yake katumikia yeye."

"Tatu, wewe ndugu yangu au ndugu yake?"

"Ndugu yako. Ndiyo maana nakwambia mimi, kabla Mwenyezi Mungu hajakuuliza."

Mama nyuma ya pazia alikuwa analia, mimi nimemshika mkono.

Shehe akasema kutoa zaidi ya matunzo ya eda na kitoka nyumba hakuna aliyekatazwa. Baba akakubali: kiinua mgongo wagawane sawa, na pensheni mama apate fungu lake kila mwezi.

Mama akajenga vyumba viwili vyake mwenyewe.

Msidhani wakawa mashoga. Vijembe viliendelea palepale! Ila shangazi yangu nampa maua yake mpaka leo. Kusema haki ya mtu unayempenda ni rahisi, yeye alisema ya asiyempenda, mbele ya wanaume, dhidi ya damu yake.

Nililojifunza: mafao hayatafutwi na mtu mmoja. Aliyekubebea nyumbani naye alikuwa kazini.

Baba alimnunia dada yake miaka mingi, lakini fungu la mama hakulikata hata mwezi mmoja. Siku moja nikamuuliza kwa nini.

Akaniambia, "Mwanangu, mama yangu alinililia mimi, akauguzwa na mamako. Tatu alisema kweli, na mimi nilikuwa naijua kabla yake."

Haya, wanaume wa humu, uwanja wenu. Na mawifi pia, msijifiche.