Pingili ya Mgeni

Waliosababisha miwa ya jirani yangu ikatwe kabla ya kukomaa ni mkaguzi wa kiwanda cha sukari guru na msimamizi aliyetia saini taarifa yake. Mkulima hahusiki. Naandika haya kwa sababu daftari la kiwanda linasema kinyume, nami nilikuwapo.

Jirani yangu ni mama mjane anayelima miwa bondeni, chini ya barabara ya Lukozi. Mkaguzi alifika asubuhi na kipima sukari, bomba fupi lenye kioo: unadondosha tone la maji ya muwa, unalielekeza kwenye mwanga, unasoma namba. Haichukui dakika moja. Nilikitumia chombo hicho miaka mingi katika utumishi wangu wa kilimo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Ngoja nikukatie.”

Alikata muwa, kilele akawatupia mbuzi, akamkabidhi pingili ya chini kabisa. Huku kwetu mgeni hupewa hiyo kwa kuwa ndiyo tamu kuliko zote. Kumpa ya juu ni kumdharau.

“Mama, ngumu hii! Unataka kuning'oa meno?”

“Meno ya nini? Si umekuja kuula kwa jicho!”

Mkaguzi alicheka, akakamua, akasoma. “Imekomaa. Kateni wiki hii.”

Kanuni inataka maji ya pingili ya chini, ya kati na ya juu. Utamu huanzia chini. Ya juu inapokaribiana na ya chini ndipo muwa umekomaa. Mkaguzi aliijua kanuni hiyo. Nami niliijua, nikanyamaza, nikiona si adabu mstaafu kumsahihisha mtumishi akiwa kazini. Sehemu hiyo ya kosa ni yangu.

Shamba zima likakatwa. Kiwandani maji yalichemshwa kutwa, guru haikuganda. Ikaja barua: mama ameondolewa katika orodha ya wakulima kwa “kutoa sampuli ya udanganyifu”. Aliniomba nimsomee mara mbili.

“Yaani nimemkirimu, naambiwa nimemdanganya?”

Mwenye jibu ni msimamizi. Namtaka aeleze kwa maandishi, na mbele ya mkutano wa wakulima, kwa nini ilipimwa pingili moja na nani aliamua kuandika neno “udanganyifu”. Neno hilo lifutwe, na jina la mama lirejeshwe kabla ya msimu ujao wa kupanda.