Skafu za Nyota Kumi na Tatu

Mimi ni mtu wa ndani. Huu ni mwaka wangu wa saba hapa Guangzhou, China, na ukiniuliza njia ya kwenda popote nitakuelekeza kwa jinsi ninavyoiona kutoka dirishani, yaani nitakupoteza. Kazi yenyewe imenidekeza: nakaa ghorofa ya nne pale Sanyuanli, nafungua mizigo ya wafanyabiashara wa nyumbani, naangalia kama suruali zina zipu, nafunga tena. Wenzangu wanadamka kuyakimbilia masoko. Mimi masoko yananipandia ngazi.

Chumba hicho cha mizigo ni cha muuza nguo mmoja wa Mbeya, ambaye pia ndiye kiongozi wa kwaya yetu. Sote tunamwita Dada Mkubwa, hata wanaomzidi umri. Mazoezi tunafanyia humo humo kila Jumamosi mchana, waliochoka wakiwa wamekalia marobota. Kinanda kiko juu ya maboksi ya viatu, na anayekipiga ni Mwalimu, mama wa Kimarekani, mweusi kama sisi, wa miaka sitini na kitu, anayefundisha Kiingereza kwenye shule moja ya lugha. Kiswahili alikipata Dodoma, alikofundisha miaka miwili ujanani, nacho kimebaki kama nguo ya kabatini: safi, hakina kunyanzi, hakivaliwi kwa haraka. Kabla yake kwaya yetu ilikuwa inaanza wimbo mahali na kuumalizia kwa jirani.

Mwaka jana kwaya ilitimiza miaka kumi, ikapangwa ibada ya shukrani. Wakongo walialikwa, Wakenya walialikwa. Sasa, kwaya ya kwetu bila sare si kwaya, ni foleni. Dada Mkubwa akanigeukia.

"Wewe, mtu wa kitandani. Nenda Zhongda ukatafute satini ya skafu. Nyekundu, na iwe na kitu cha kikanisa."

"Dada, Zhongda ni mbali."

"Mbali na nini? Na godoro lako?"

Sikwenda. Nilimwandikia laobani wa huko, mwenye duka la vitambaa, kwa simu, nikiwa juu ya godoro lililotajwa. Akanitumia picha ya jora lililobaki. Mteja wa nje aliagiza, kisha akalikataa. Nikakuza picha. Uwanja mwekundu, msalaba wa buluu uliokaa kimshazari, nyota nyeupe juu yake, na umbo hilo limerudiwa kitambaa kizima, kila moja ukubwa wa kiganja. Nikahesabu nyota. Kumi na tatu: moja katikati, kumi na mbili zimeizunguka. Ningehitaji nini zaidi? Yesu na mitume wake. Nikakumbuka na Andrea, mtume anayesemekana alisulubiwa kwenye msalaba wa mshazari hivyo hivyo. Nilipowaeleza wanakwaya somo langu, kina mama walipiga vigelegele.

"Kumbe ukijifungia humo huwa unasoma Biblia," alisema Dada Mkubwa. Sijasifiwa tena tangu siku ile.

Fundi alishona skafu ishirini na nne. Mwalimu hakuziona, maana majuma hayo alikuwa anasahihisha mitihani. Alikuja Jumamosi ya mwisho, kesho yake ikiwa ibada. Tulikuwa tumeshajipanga mistari mitatu, skafu mabegani, tunang'aa kama karatasi za pipi. Tukamwamkia kwa pamoja. Shikamoo yetu haikujibiwa. Alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Nani amechagua?"

Watu ishirini na watatu walininyooshea vidole kwa mpigo mmoja. Umoja wa namna hiyo sijawahi kuuona katika kwaya yetu, hata kwenye nyimbo.

Nikamweleza habari ya Yesu na mitume. Alinisikiliza hadi mwisho, hadi kwa Andrea. Halafu akakaa kwenye kiti cha kinanda.

"Hii ni bendera," alisema. "Nchini kwetu watu walipigana wenyewe kwa wenyewe, kusini na kaskazini. Wa kusini walitaka kubaki na watumwa wao. Walipigana chini ya hii."

"Wakashinda?" aliuliza mwimba besi mmoja.

"Walishindwa."

"Basi si yameisha, Mwalimu?"

"Walishindwa, lakini bendera walibaki nayo. Baba yangu alipoiona kwenye gari lililoegeshwa, alitushika mikono akatuvusha upande wa pili wa barabara. Alikuwa shemasi, mtu mzima, anaheshimiwa. Alivuka. Hakutuambia kwa nini, na sisi hatukuuliza."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kutoa matangazo kanisani. Mimi historia nilipata D kidato cha nne, na hata hiyo D ilikuwa ya huruma. Vita hivyo naamini tulivisoma; vilikuwa mstari mmoja, kati ya pamba na meli. Nyumbani kitambaa cheupe cha pamba bibi yangu alikiita marekani, akatushonea mifuko ya mito, na sikuwahi kujiuliza nani aliichuma pamba ya mwanzo hadi kitambaa kikapewa jina la huko. Nilikuwa nakilalia tu. Kulalia vitu nimeanza zamani.

Dada Mkubwa alijaribu. "Mwalimu, mama yangu, pole sana. Lakini ibada ni kesho asubuhi. Wakongo wanakuja na suti! Sisi tuvae nini? Hiki ni kitambaa tu. Aliyekichapa hata hiyo vita hajui ilipiganwa wapi."

"Vaeni. Siwakatazi. Ila mimi siwezi kupiga nikiwatazama."

Na kinanda chetu hupigwa kwa kututazama. Macho yake ndiyo yanayotuambia tuingie lini. Kila mtu mle ndani alijua maana ya maneno yale: kesho hatutakuwa na Mwalimu, na pengine hata Jumapili zinazofuata.

Dada Mkubwa aliguna, akavua skafu yake kwanza. "Vueni. Kesho kila mtu aje na nguo yake iliyo safi. Na atakayeniletea jezi ya mpira nitamtoa nje mimi mwenyewe."

Zikavuliwa. Mimi nikaanza kuzikunja, maana kukunja ndiyo kazi ninayoijua, nikidhani mambo yamekwisha. Dada Mkubwa akaniinamia na kuninong'oneza, kwa ule mnong'ono wake unaofika hadi kwenye lifti:

"Zitie kwenye robota la Mbeya. Watajifunga kichwani. Kule nani anajua?"

Mwalimu alikuwa ameshawasha kinanda. Akakizima.

"Zitakwenda Mbeya?"

"Mbeya haina vita na mtu, Mwalimu."

"Hata Guangzhou haina. Nimekuja mpaka huku, dada yangu, nikaikuta kwenye mabega ya soprano." Akachukua mkoba wake.

Ushujaa sina, na aliyewahi kufanya kazi nami atathibitisha. Ila mkasi wa kukatia kamba za mizigo ulikuwa karibu na goti langu, na kitambaa nilikiagiza mimi. Nikakata skafu ya kwanza. Au niseme nilianza kuikata: mkasi ule umeharibiwa na gundi ya selotepu, na satini inateleza kama samaki. Nikawa naitafuna tu.

"Wee! Siku unayoamka ndiyo siku ya kuharibu mali?" Dada Mkubwa alipiga kelele.

Mwalimu aliweka mkoba chini. Akaja akashika upande wa pili wa kitambaa, akakivuta kikakaza, na mkasi ukapita.

Mfanyabiashara hawezi kutazama kitambaa kikienda bure. "Haya basi, msinichafulie sakafu," alisema Dada Mkubwa. "Kateni vipande vya kufungia marobota. Upana wa kiganja."

"Kiganja ni bendera nzima," alisema Mwalimu.

"Vidole vinne."

"Viwili."

"Viwili! Utafungia nini, Mwalimu, shanga? Vinne, mama, bei ya rafiki."

"Bu xing," Mwalimu akasema, vile wauzaji wa Zhongda wanavyotukatalia sisi kila siku, na vidole vyake viwili vikabaki hewani.

Waliinama pamoja, wakapima juu ya kitambaa chenyewe, mkono mmoja kando ya mwingine, wakisogeza juu na chini kuona kama kuna mahali msalaba utaponyoka mzima. Kipande cha vidole vitatu kiliukata msalaba popote pale ungeanzia kupima.

"Vitatu," alisema Mwalimu.

Dada Mkubwa akaenda kutafuta mkasi wa pili. Tulikata hadi saa kumi. Kisha Mwalimu akapangusa nyuzi mikononi, akawasha kinanda, akatutazama mstari kwa mstari, na tukaingia, besi wakiwahi kama kawaida yao.