Sauti Iliyomtoa Akoth Mbele ya Mashine

Tulikuwa watu watatu ndani ya nyumba ile, na wote tuko hai, waulizeni. Mimi mwenyewe, niliyeolewa hapa karibu na Kosele nikiwa msichana na sijahama. Mjukuu wangu Akoth Perpetua, binti wa mwanangu Ochieng. Mamake Akoth, Millicent, yuko Osiri, kule Migori, anawapikia wachimba dhahabu, na jasho lake ndilo lililonunua mashine. Na Jared Oluoch, fundi wa kuchomelea vyuma, mtoto wa jirani yangu Peris, aliyetuundia meza ya kuikalisha hiyo mashine. Mbwa wetu Ngoja alikuwa amelala mlangoni. Kuna na wa nne, si mbwa, nitamtaja akifika.

Najua wengine mtasema bibi amezeeka, anaota akiwa macho. Semeni tu. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, lakini macho na masikio sikuyapata shuleni.

Kwanza niwaeleze hiyo mashine, la sivyo hamtaelewa kwa nini nashukuru. Ilikuja kwa vipande ndani ya katoni: vyuma, mota ndogo ndogo, mikanda, waya zimejisokota kama matumbo ya kuku. Akoth aliifunga mwenyewe akiangalia simu. Ikishasimama ni kama mkono wa chuma ulioshika kisu chembamba kinachozunguka. Mkono unaenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, na kisu kinachonga ubao. Hakuna mtu anayeushika. Kompyuta ndiyo inauambia uende wapi.

Lakini mashine mpya haijui urefu. Je, mlijua hilo? Mimi sikujua. Unaiambia itembee urefu wa kiganja, inakomea njiani. Basi unapima kwa rula, unarudi kwa kompyuta kubadilisha namba, unaituma tena, unapima tena, mpaka ikubaliane na rula. Kazi ya kushika rula ilikuwa yangu.

"Imefika, Dani?" Akoth ananiuliza. Dani ndiyo bibi, kwa Kijaluo.

"Bado. Imebakisha kama punje ya wimbi."

"Hii inatembea kama Jared akitumwa dukani."

"Nakusikia," Jared anasema. "Meza ni yangu. Naweza kuibeba niende nayo."

Hivyo ndivyo tulivyoshinda siku hiyo, tukicheka. Kufika jioni, kushoto na kulia kulikuwa sawa, mbele na nyuma sawa. Ulibaki mwendo wa juu na chini. Akoth akabadilisha namba, akafunga ubao mezani, akasema sasa tujaribu kuchonga kweli. Miwani ya kukinga macho alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso, kwa sababu jasho lilikuwa linaitia ukungu.

Hapo ndipo upepo ukaja kutoka ziwani.

Watu wa hapa wanaujua upepo huo. Tunasema ni nyawawa, roho zinazotoka majini jioni na kupita vijijini, na dawa yake ni kelele. Nikasikia kwa kina Peris wameanza kupiga debe, kisha boma lingine, kisha lingine. Na usiitike ukisikia jina lako saa hiyo. Hata ukiitwa na sauti ya mama yako, nyamaza. Nikachukua sufuria na mwiko, nikasimama mlangoni, nikapiga.

Akoth alinicheka. "Dani, hata mashine itaogopa." Akabonyeza kompyuta, kisu kikaanza kuzunguka. Jared alikuwa ametugeuzia mgongo, anapanga waya za umeme ukutani.

Basi nikamwona mwanamke anakuja uani, leso kichwani. Nikadhani ni Peris. Ngoja hakubweka, na mbwa huyo hubwekea hata kuku wetu wenyewe. Akaja mpaka mbele yangu, akaitazama sufuria.

"Nyieka," akasema, "sufuria yangu unanipigia mimi mwenyewe? Hukunirudishia, na sasa unanifukuza nayo?"

Niaminini. Nyieka ni mke mwenza, na duniani nilikuwa na mmoja tu. Jina lake Akoth. Tulimzika kabla mjukuu hajazaliwa, ndiyo maana mtoto akapewa jina lake. Ulimi wake ulikuwa mkali hivyo hivyo. Na sufuria, kwa kweli, ilikuwa yake.

Mwiko ulinitoka mkononi. Akanipita, akaingia ndani kana kwamba ndiye mwenye nyumba, akasimama nyuma ya mtoto aliyekuwa ameinama, uso karibu kabisa na kisu, akitaka kuona kikigusa ubao. Nikafikiri, amekuja kumchukua. Nilitaka kupiga kelele, lakini aliniwahi.

"Akoth!" akaita. Mara moja tu, kama unavyomwita mtoto anayekaribia moto.

Mimi moyoni: usiitike, usiitike.

"Naam, Dani," mtoto akajibu, akainuka, akaja kwangu mlangoni.

Hakufika hata katikati ya chumba. Kisu kilishuka kwenye ubao kama kimetupwa, kikapiga mlio ambao sitaki kuusikia tena, kikakatika. Jared akaruka, akabonyeza kidude chekundu cha kuzima. Kukawa kimya. Kipande cha kisu tulikikuta kimejidunga kwenye mlango wa kabati, sawasawa na pale uso wake ulipokuwa umeinama. Jared alikivuta kwa koleo.

Yule mwanamke hakuwepo.

Akoth alikimbilia kompyuta, akashika mdomo. Kwenye ile namba ya juu na chini alikuwa ameongeza sifuri moja, kwa hiyo kisu kikashuka mara kumi. Kisha akanigeukia. "Dani, asante kuniita. Lakini leo umeniita Akoth?" Kwa maana mimi tangu azaliwe namwita Pepe. Lile jina la nyieka halikuwahi kunitoka vizuri.

Nikamwambia sikufungua mdomo. Jared akasema hakusikia mtu, labda upepo. Nikamwambia awashe tochi ya simu aangalie chini. Unga wa ubao alioukata Akoth mchana kwa msumeno ulikuwa umetanda sakafuni kama unga wa ugali. Alama za gamubuti za Jared zilionekana, za ndara za mtoto zilionekana, zangu mlangoni. Mahali nyieka alipopita hapakuwa na alama hata moja.

Mashine ilisahihishwa, na kitu cha kwanza ilichochonga vizuri ni msalaba wa mbao ngumu wenye jina la nyieka, kwa sababu kaburi lake halikuwa nao. Tuliusimamisha pamoja, nikamshukuru kwa sauti, majirani wakisikia. Na mjukuu sasa namwita Akoth.

Nyinyi wenye mashine kama hii, sikieni: ukibadilisha namba, iache kwanza itembee hewani bila ubao, kisu kikiwa hakizunguki, wewe ukiwa mbali, miwani machoni wala si kwenye paji. Na anayekuja na upepo wa jioni, usidhani kila mara amekuja kuchukua.

Kama nimekosea mahali, nisahihisheni. Labda upepo ulitangulia kabla Akoth hajafunga ubao. Labda debe la kwanza halikupigwa kwa Peris, lilipigwa kwa jirani mwingine, Dorina. Aliyekuwepo Kosele jioni hiyo aseme, sitakasirika. Lakini macho ya mtoto msinisahihishe. Bado ni mawili, ameketi hapa ananiangalia nikiandika.