Breki Nyekundu ya Pango la Popo

Safari ya kwanza Yotham alipofika Busi kwa mzee Abbasi, alirudi Makole na viroba vitupu. Shikamoo yake ilipokelewa vizuri, bei ya mbolea ya popo ikaafikiwa, wakapanda mpaka kwenye mdomo wa pango. Hapo mzee, ambaye hushuka kwa kamba kuichota mbolea, akaketi, akatoa breki yake na kuanza kuikagua. Ni chuma cha kuenea kiganjani: bapa mbili, katikati magurudumu mawili yasiyozunguka. Kamba hupita humo ikijipindapinda, na ndiyo inayomfanya mtu ashuke taratibu badala ya kuporomoka. Mzee akaifungua, akachungulia pini, akatia ukucha kwenye mfereji uliochimbwa na kamba, akapitisha pamba kila ukingo kutafuta ufa.

"Leo sishuki," akasema. "Gurudumu la chini limelika."

"Juzi si ulishuka nalo, mzee wangu?"

"Juzi halikuwa hivi."

Yotham alianza biashara na toroli moja la mchicha, na majibu ya namna hiyo alishayasikia sana. Mtu akitaka kupandisha bei, hakosi ugonjwa. Huyu mzee lazima kanusa kwamba kuna mteja huko Mvumi anataka viroba arobaini, na kwamba mvua ikinyesha pango hujaa maji. Haya, atanyimwa kisingizio.

Kwa muuza vyuma chakavu mjini akapata breki kama ile, kuukuu, ina mikwaruzo. Akaipeleka kwa fundi, ikapigwa rangi nyekundu, ikameremeta. Hata ndoo kuukuu huoshwa kabla ya kuuzwa. Wiki iliyofuata akaiweka mbele ya mzee, pale pale pangoni.

"Mpya. Nipe viroba kumi bure, iwe yako."

Mzee akaipokea. Mkewe, Asma, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda kamba huku juu, akacheka.

"Tangu lini chuma cha kazi kikapakwa wanja?"

"Ndivyo zinavyotoka kiwandani, mama."

Mzee akachomoa kisu, akakwangua rangi, akapitisha pamba. Karibu na tundu la pini pamba ikanasa. Akarudia, ikanasa palepale.

"Mkwaruzo huo," Yotham akawahi.

"Huenda. Basi anza wewe."

Akaifunga kamba kwenye jabali lililozidi kimo cha mtu kidogo tu, chini yake mchanga mtupu. Akamvika Yotham mkanda, akamwonyesha jinsi ya kushika. "Mkono wa kulia usiiachie kamba ya chini, hata siafu wakikupanda."

Yotham akahisi anatafutiwa aibu. Lakini kukataa kungekuwa kukiri. Akajining'iniza, miguu ikaachana na ardhi. Chuma kikashika.

"Umeona sasa?"

"Jitikise."

Akajitikisa mara moja. Bapa ikapasuka, pini ikachomoka, na Yotham akajikuta amekaa mchangani, suruali imechanika nyuma.

"Pole, baba," akasema Asma. "Mbona ulikuwa na haraka hivyo?"

Hakuna aliyeuliza rangi ile ilipakwa na nani. Mzee akatoa breki yake ya zamani. Lile gurudumu alikuwa ameligeuza, upande mzima ukae kwenye kamba. Upande huo nao ungestahimili safari chache tu. Akapiga fundo mwishoni mwa kamba ili isije ikamwishia hewani, akajifunga kamba ya pili ya akiba, akashuka polepole. Alipopandisha kiroba cha kumi na mbili, akakagua tena na kusema basi. Kisha akataja bei mpya. Yotham akailipa bila kubisha.

Siku mbili baadaye mvua ikanyesha. Mteja wa Mvumi, alipoletewa viroba kumi na viwili badala ya arobaini, alivikataa akanunua kwingine, wala hakurudi tena. Yotham aliviuza rejareja, kopo kwa kopo. Mzee Abbasi alipata bei yake, ila msimu uliofuata gurudumu lilikwisha pande zote mbili, na breki nyingine hakuwa nayo. Yotham alijitolea kumtafutia, safari hii mpya kweli, na risiti juu. Mzee alimshukuru, akamkaribisha chai, akakataa.