Mutoto Mweupe wa Eulalie

Eulalie alijifungua kule Kadutu, juu kwenye mteremko wa Bukavu, vita ya pili ikiwa imekwisha kula mbuzi wote wa mtaa. Mutoto alitoka na ngozi nyeupe, nywele kama ndevu za mahindi, macho yasiyotaka mwanga. Eulalie ni mweusi. Cyprien, mume wake, fundi cherehani, anamupita kwa weusi.

Kwao jina la mutoto linatoka upande wa baba. Maman Agathe, mama ya Cyprien, akaja, akafunua kitambaa, akakifunika tena haraka.

"Sina jina la huyu. Uwaulize wale wazungu wa misaada, wa magari nyeupe."

"Maman, mimi muzungu nilimuonea wapi? Kwenye sufuria?"

"Utajua mwenyewe. Bila jina letu hana nyumba hapa. Jumapili unarudi kwenu Mumosho, naye mgongoni."

Cyprien alikuwa palepale, anatazama viatu vyake kama ndivyo vilivyozaa.

Eulalie hakulia. Muuguzi wa maternité, nyumba ya kuzalia, alikuwa amemueleza: rangi ya mutoto ni kazi ya watu wawili, baba anatoa sehemu yake, mama naye anatoa yake. Kuna watu weusi kabisa waliopokea weupe ule kwa wazazi wao, wakaubeba bila kuuonyesha. Mmoja akiupitisha peke yake, hauonekani. Wakiupitisha wote wawili kwa mutoto mmoja, ndiyo huyu. Na kwa kila mimba bahati ni ileile, moja kwa nne. Mimba iliyopita haihesabiwi.

Jumapili ilipofika, Eulalie alimuvuta mama mukwe mpaka jikoni. Mule waliishi kobaye, vinyama vidogo visivyo na mkia, vya kufugwa kwa nyama, ambavyo askari walivicheka wakiviita panya, wakabeba kuku na kuviacha.

"Dume iko rangi gani?"

"Nyeusi."

"Na jike?"

"Nyeusi! Unanifundisha rangi?"

"Na yule mutoto wao pale pembeni, mweupe wa macho mekundu, nani alimuzaa?"

Maman Agathe akakunja midomo. "Ni hao hao."

"Dume lingine halijawahi kuingia humu. Sasa uniambie, maman, muzungu wa kobaye alipitia wapi?"

Mama mukwe hakuwa mutu wa kushindwa jikoni. Akalitazama tumbo la jike. "Iko na mimba. Ikizaa mweupe mwingine, nitakuamini. Ikizaa weusi, unaenda."

Siku chache baadaye kobaye akazaa. Watoto watatu, wote weusi kama makaa.

"Umeona?" Maman Agathe alipiga makofi. "Funga mizigo!"

"Sifungi. Wazae weusi mpaka vita iishe, yule mweupe nani atamurudisha tumboni? Alitoka kwa weusi wawili. Na huyu alitoka kwangu na kwa Cyprien. Cyprien naye aliupokea kwako ao kwa papa yake. Chagua!"

"Unasema tumbo langu?"

"Nasema lako, na la mama yangu pia. Mimi la kwetu sioni haya kulitaja. Wewe je?"

Maman Agathe akamugeukia Cyprien, aliyesimama mlangoni, amutoe mwanamuke huyu nje. Cyprien akaacha kutazama viatu vyake, akanyoosha mikono, akamupokea mutoto.

"Anaitwa Bulonza."

"Jina la papa yako! Marehemu atafufuka!"

"Afufuke," Eulalie alisema. "Tutamuuliza vizuri kama ni yeye aliyeuleta weupe huu, ao ni wewe."