Martine wa Diski ya Kwanza

Mimi ni Mama Désiré. Hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, wakubwa kwa wadogo, avenue nzima inaniita hivyo, na mimi nataka hivyo. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la utotoni linafungiwa kabatini, na anayeruhusiwa kulitoa ni mama yake mzazi peke yake. Basi mtu akinipigia kelele sokoni, "Kapinga ee!", halafu anacheka, namjibu vibaya na simwombi msamaha. Nilishachoka zamani.

Lakini leo simsemi Kapinga. Namsema Martine, jirani yangu, maana lupango lake na lupango langu, viwanja vya nyumba zetu, vilitenganishwa na ua wa matete tu, na mambo yake niliyaona kwa macho yangu. Wanaojifanya kuyajua waliyasikia kwenye pombe.

Martine alizaliwa Lukafu, kwa watu wa jembe, akaletwa Lubumbashi akiwa msichana kuolewa na Lucien. Lucien alikuwa mfanyakazi wa fonderie, kule wanakoyeyusha shaba, na Jumapili alikuwa mpiga gita. Martine mwenyewe alikaanga mikate ya mafuta kila asubuhi, akaiuza pale mlangoni. Alikuwa na sauti ndogo sana. Akikuita kwenye ua, ilibidi uache kazi yako umsogelee, na ukimsogelea unakuta anataka tu kukupa mkate wa moto. Mtu wa namna hiyo huwezi kumkosea, ila wapo waliomkosea.

Mungu hakumpa mtoto. Sasa, hapo ndipo penye shida, maana watu wetu hawana jina la heshima la kumpa mwanamke asiye na mtoto. Mama nani? Watamwita "muke ya Lucien," na akigeuka mgongo watamwita mengine ambayo mimi mdomo wangu hauyatamki. Martine aliponea kwa kitu kimoja tu, diski.

Zamani, kabla wazungu hawajaondoka, kulikuwa na mzungu mmoja aliyezunguka mtaani na gari lenye mashine za kurekodi, akitafuta wapiga gita. Lucien alikuwa ameoa juzijuzi. Akamwimbia yule mzungu wimbo wa mke wake, Martine huku, Martine kule, jina lile halikupumzika tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Diski ikatoka, ikatembea hata Kilwa ya huku kwetu, siyo ile ya pwani, kwa wavuvi wa ziwa. Tangu hapo akawa "Martine wa diski." Akienda dispensari, muuguzi anaweka sindano chini kwanza amwimbie. Akipita kwenye bomba la maji, wanawake wanampisha na kuimba kidogo. Yeye anainamisha macho, anatabasamu, anachota maji yake.

"Bengine beko na batoto, Mama Désiré," aliniambia siku moja akigeuza mikate kwenye mafuta. "Miye niko na ile diski."

Hakulia. Alisema kama mtu anayekueleza bei ya unga.

Kisha ikaja authenticité, amri ya serikali ya kurudi kwenye asili yetu. Majina ya kizungu marufuku, tukawa wote citoyen na citoyenne, yaani wananchi. Lucien akawa Kunda, Martine akawa Chola, jina la bibi yake. Désiré wangu alitoka nyumbani na jina moja, akarudi kutoka shule na lingine ambalo alilisahau njiani. Nyumbani tuliendelea na ya zamani, chini ya ulimi. Lakini ofisini na redioni, hapana.

Ndipo wakaja vijana wa orkestra moja ya mtaa wa Kamalondo, suruali pana, magita ya umeme. Walitaka kuzifanya upya nyimbo za wakubwa. Wakamwambia Lucien, papa, mzee wetu, imba na sisi, redio itapiga. Lakini hilo jina Martine, redio haitalipokea. Weka jina la kwetu.

Sasa sikia akili ya mwanaume. Mke wake ana jina la kwetu, limeandikwa kwenye kitambulisho: Chola. Akasema eti Chola ni fupi. Eti muziki unataka hatua tatu kama Mar-ti-ne, Chola ina mbili, sauti itaanguka shimoni. Yo! Si angeongeza "ee"? Wanamuziki wote wa dunia wanaongeza "ee"! "Chola ee" ingemkwama kooni? Hapana, bwana akakaa uani na gita pajani, anagonga kidole, anatafuta hatua tatu. Na upande huu wa matete mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Kasai, akapiga ukelele: "Kapinga! Kapinga! Maharagi inaungua!"

Basi. Ndivyo nilivyoingia kwenye wimbo. Kwa maharagwe.

Nakuapia, na yule bwana hatukuwahi kuzidi "Jambo, bwana" na "Jambo, mama." Mimi ni mjane, nauza vikwembe, yaani vitenge, sokoni, nina kanisa langu. Siku redio ilipoanza kuupiga nilikuwa namkunjulia mteja kikwembe cha maua. Nikasikia sauti ya Lucien: Kapinga, mwanamke wangu, Kapinga, usingizi wangu. Soko zima likageuza shingo. Nilitamani kujifunika kile kikwembe mpaka kichwani. Mjane! Na tena Muluba wa Kasai, na unajua watu wa hapa wanavyotusema sisi tuliotoka kule, eti tunakuja na mkono mtupu, tunaondoka na nyumba ya mtu. Sasa wimbo umewapa mdomo. Claudine, muuza nyanya, alimngoja Martine apite, akasema kwa nguvu, "Kenye kukukula kiko mu nguo yako!" Martine akamwitikia salamu, akaendelea.

Kule mtaa wa Golf, kwenye zile villa za matajiri, nilikuwa na mteja, madame mmoja mzuri tu wa kulipa. Akaita marafiki zake waje wamwone Kapinga wa redio. Wakaniambia nigeuke waone nyuma. Na mimi, mtu mzima, nikageuka. Mpaka leo nikikumbuka masikio yanawaka.

Lakini kibaya zaidi kilikuwa kwa Paulin. Paulin alikuwa na bar kwenye kona yetu, na alikuwa na ile diski ya kwanza na hii mpya pia. Jumapili baada ya misa akaanzisha mchezo: anapiga ya zamani, halafu anapiga ya sasa, wateja wanabishana ipi inashinda. Walibishana kama kwenye mpira! Ya kwanza ina gita moja na chupa ya limonadi inayogongwa kwa msumari, na ukitega sikio unasikia mbwa wa mtu anabweka. Sauti ya Lucien ni ya kijana, inakimbia. Ya pili ina ngoma, besi, waitikiaji wanne, na Lucien anavuta maneno polepole, sauti inatetemeka.

"Muko naona?" anasema fundi cherehani Symphorien, aliyejiona hakimu. "Kwa Martine alikuwa anaimba mbio-mbio, sawa muntu anakimbilia bisi ya abiria. Kwa Kapinga analia. Njo mapendo ya kweli, ile!"

Na wote, eeeh, njo ile, ndiyo hayo!

Pumbavu! Sauti inatetemeka kwa sababu ya moshi! Miaka yote ile mbele ya tanuri, kifua kimejaa moshi wa shaba, utaimbaje? Mzungu alimharakisha kwa kuwa diski ilikuwa fupi, ndiyo maana alikimbia. Lakini nani atasikiliza mjane akieleza mambo ya kifua cha mume wa mtu? Ningesema neno moja, wangesema, aha, kifua anakijua. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa ushahidi. Lisemwalo lipo, walisema.

Kwenye bomba la maji wakaacha kuimba Martine akifika. Sasa walikuwa wanamwita "ya zamani." Ya zamani imefika, mupisheni. Na wasichana wadogo, ambao hawakuwahi kusikia diski ya kwanza, walimuuliza kwa nia njema kabisa, "Mama, weye ni mama ya nani?"

Aliacha kuchota maji mchana. Mikate akaacha kuiuza mlangoni, akawa anampa mtu ampelekee sokoni. Nilikonda kwa haya. Nilitaka aje anitukane, anitupie mafuta ya moto, tumalize. Badala yake akaja na mikate kwenye sahani, akaketi.

"Najua, Mama Désiré," akasema. "Weye hauna na kosa. Hata yeye, ni ju ya muziki tu, aliniambia."

"Na weye ulimujibu nini?"

"Nilimuomba kintu kimoja. Aimbe mara moja tu na jina yangu, kwa Paulin, mbele ya bantu. Bakisha sikia, bataacha."

"Akasema?"

"Akasema ndiyo." Akanitazama. "Utanisindikiza? Bakituona pamoja, bataona hatuna maneno."

Jamani. Kwenda bar, mimi, kukaa pale wanitazame kama ng'ombe wa mnada! Lakini ningekataaje? Nikamtolea kikwembe kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikamfunga mwenyewe.

Jumapili ile bar ilijaa mpaka barabarani, maana Paulin alikuwa ametangaza: Lucien anakuja kuimba mwenyewe, gita moja, kama zamani. Tulipoingia wawili ikaanza minong'ono. Tukaketi meza ya mbele. Meza ya pili alikaa citoyen Mutale, mjumbe wa Chama kwenye avenue yetu, abacost yake, lile koti la Chama lisilo na tai, imefungwa mpaka shingoni na bia mbili mbele yake. Nikaona jasho la Lucien, aliyekuwa ameshakaa pale mbele na gita lake. Nikasema moyoni, haya, huyo ndiye kisingizio. Ataogopa mjumbe, na hatutaweza kumlaumu.

Lucien akaanza kulipiga gita polepole, akaurudia mwanzo, akaurudia tena, hafungui mdomo, anamtazama Mutale. Martine mikono yake ilikuwa magotini, amenyooka kama mtoto anayengoja komunyo. Na Mungu si Athumani: bia zile mbili zikafanya kazi yake. Mutale akasimama, akatoka nje kwenda kukojoa. Paulin akamkonyeza Lucien. Sasa! Watu wote wakaelewa. Hata Symphorien alivua kofia. Nilikuwa tayari kusamehe kila mtu, nakuambia ukweli, hata Claudine wa nyanya.

Lucien akafumba macho, akaimba. Mstari wa kwanza, mzuri. Wa pili, mzuri, ile mbio ya zamani ilikuwa imerudi, nikaona midomo ya Martine inaufuata. Kisha akafika penye jina, akainua uso, akajaza kifua, na kwa sauti tamu ambayo sijaisikia tena akaimba:

"Kapinga..."

Hakuogopa, maana wa kumwogopa hakuwepo. Wala hakuwa na ubaya moyoni, naapa. Mdomo ulikuwa umezoea tu. Alikuwa ameuimba na wale vijana kwenye mazoezi, kwenye arusi, kwenye sikukuu za Chama, mpaka ulimi ukaijua njia peke yake. Mazoea yana taabu.

Alifumbua macho mwenyewe akiwa bado ndani ya jina. Gita likakatika. Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu bar yote ikapasuka, wanapiga meza, wananielekezea vidole. Symphorien akapiga kelele, "Sikuwaambia? Moyo haufichwe!"

Martine akasimama. Akakaza kikwembe kiunoni, akanishika mkono, mimi, akanitoa mbele ya watu wote wale. Kiganja chake kilikuwa baridi. Nikamfuata.

Tulikuwa tumefika katikati ya barabara Lucien alipotoka mbio, gita mkononi.

"Martine!" akaita. "Martine! Martine!"

Kwa nguvu zote za kile kifua kibovu, barabarani, mchana, jina lililokatazwa. Watu walitoka kwenye malango yao. Citoyen Mutale alikuwa amesimama pale kando ya ukuta, bado anafunga suruali, ametoa macho. Lucien hakumwona, au alimwona na hakujali. Angekwenda hata gerezani saa ile, nadhani.

Martine akageuka.

"Unatafuta nani, citoyen?" akamuuliza. "Huku kuko Chola, na kuko Kapinga. Ule mwingine hatumujue."

Mutale akafurahi, akaacha suruali, akapiga makofi. "Njo vile, citoyenne! Authenticité!" Na watu wa malangoni, kwa kumwogopa, wakapiga makofi nao. Lucien alisimama katikati ya makofi yale akilia, na mimi sikumwonea huruma. Niliona haya tu, maana mkono wangu ulikuwa bado umeshikwa, na aliyeushika alikuwa amenitaja kwa jina langu la utotoni mbele ya wote, naye ndiye pekee ambaye nisingeweza kumjibu vibaya.